Anzia Olkaria: mwongozo wa kuona athari za ukoloni kutoka Naivasha hadi Nakuru

Anayezuru miji ya kikoloni ya Karibiani, kama vile Havana au San Juan ya Puerto Rico, ana kazi nyepesi. Wahispania walijenga bandarini, wakazungushia mji kuta za mawe na ngome za mizinga, na leo mgeni anaweza kuanza asubuhi penye lango la zamani na jioni akawa amekwisha kuona mengi kwa miguu. Bonde la Ufa la kati halina mji wa namna hiyo. Waingereza hawakuja huku kutafuta bandari. Walikuja na reli, wakaona nyasi na maji, wakataka mashamba. Ndiyo maana athari zao zimetapakaa kandokando ya reli kwa zaidi ya kilomita mia moja: kanisa dogo kwenye mteremko, jumba la kifahari ziwani, makaburi ya askari, stesheni, ukumbi wa mji, kasri katikati ya mashamba. Ukitaka kuziona kwa utulivu, tenga siku tatu.

Waandalizi wengi wa safari huanzia kwenye kasri la Lord Egerton upande wa Njoro, hupitia kwa flamingo wa Nakuru, kisha humalizia Olkaria kwa kuoga maji ya moto. Nakuomba uigeuze safari hiyo. Kasri ukiliona kwanza, litakushangaza kwa wingi wa vyumba vyake na utaondoka na picha. Ukiliona mwisho, baada ya kutembea juu ya ardhi ambayo watu walihamishwa ili majumba ya aina hiyo yapate pa kusimama, utakuwa na maswali ya kumwuliza anayekutembeza.

Kabla ya kutoka

Nairobi, magari ya Naivasha na Nakuru hupakia Nyamakima. Njia za kushuka bondeni ni mbili: ya juu hupita Limuru na Kinungi, ya chini huteremka hadi Mai Mahiu. Mwulize kondakta kabla hujaketi, kwa sababu unayoihitaji ni ya chini. Barabara hiyo ilijengwa kwa jasho la wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwaka 1942 wafungwa hao walijenga kando yake kanisa dogo la Kikatoliki la mawe. Waumini kumi na wachache wakiingia, limejaa. Matatu haitakungoja, kwa hiyo shukia Mai Mahiu, uchukue boda boda ikurudishe juu, ukae pale nusu saa. Watu waliokuwa hawana uhuru wa kwenda kwao walichonga mawe kwa uangalifu wa aina hiyo, na jengo limedumu. Sijui kanisa jingine Kenya linalosema mengi hivyo kwa udogo huo.

Mai Mahiu penyewe patembelee kwa heshima. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji ya mvua yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani upande wa Kijabe, mahali ambapo njia ya maji ilikuwa imezibwa na takataka, yalilipasua tuta hilo na kushuka juu ya watu waliolala. Makumi walikufa. Ukiona nyumba mpya na mashamba yaliyojaa mawe makubwa, usiyapige picha kama mandhari. Nunua chai yako, endelea.

Mambo machache ya kujiandaa. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Olkaria iko juu zaidi, kwa hiyo alfajiri ni baridi na adhuhuri jua linaunguza. Vaa nguo za kuongeza na kupunguza, na kofia. Kiingilio cha hifadhi zote za Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hulipwa kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni. Lipia ukiwa ungali na mtandao mzuri, na ubebe kitambulisho, maana raia, mkazi na mgeni hulipa viwango tofauti. Viwango hubadilika, kwa hiyo viangalie siku unayosafiri, usitegemee alichokuambia rafiki mwaka jana. Chagua Januari, Februari, au kati ya Juni na Septemba ukiweza. Kuhusu mvua nitarudi nikifika kwenye korongo, kwa sababu pale ni suala la uhai.

Olkaria

Kutoka Naivasha mjini panda matatu ya Kongoni inayofuata barabara ya Moi South Lake. Shukia njia panda ya Hell's Gate. Baiskeli za kukodi zipo hapo njia panda na karibu na lango la Elsa. Usichague kwa rangi. Bonyeza breki zote mbili, zungusha gurudumu la nyuma uone kama limepinda, keti uone kama kiti kinashuka, na ukubaliane bei na saa ya kurudisha kabla hujatia mguu kwenye pedali. Hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, ni mojawapo ya chache nchini ambazo mtu huruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli bila gari. Utapita katikati ya pundamilia, swara, ngiri na twiga. Nyati pia wapo. Ukiwaona, simama mbali, na usijaribu kuwazunguka ili upate picha nzuri.

Mara tu baada ya lango utaliona jiwe la volkano lililosimama peke yake, urefu wa mita kama 25. Ramani huliita Fischer's Tower, kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883 akitafuta njia ya kwenda Ziwa Viktoria. Wamaasai walimzuia, akarudi. Hilo ndilo jambo la kukumbuka ukiwa chini ya jiwe hilo: mwaka 1883, aliyeamua nani apite hapa na nani asipite alikuwa Mmaasai. Miaka ishirini na mmoja baadaye, Agosti 1904, viongozi wa Wamaasai akiwemo Olonana waliweka alama zao kwenye mkataba na serikali ya Kiingereza. Kwa mkataba huo waliondoka kwenye sakafu hii ya bonde, malisho bora kabisa waliyokuwa nayo, ili ardhi iliyo karibu na reli iwe ya walowezi. Wengine walikwenda kusini, wengine kaskazini Laikipia. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 uliletwa mwingine wa kuwatoa Laikipia pia, na Ole Njogo na wenzake walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mkataba kati ya dola na dola haukuwa jambo la mahakama hiyo kuamua. Yaani Wamaasai walipotaka haki waliitwa dola huru, na Waingereza walipotaka ardhi waliwaita raia wa kuhamishwa. Kaa chini ya jiwe hilo uyawaze hayo kabla hujaendelea, kwa sababu kila jengo utakaloliona siku tatu hizi limesimama juu ya karatasi hizo mbili.

Kutoka hapo hadi korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita nane za barabara ya vumbi, na sehemu kubwa ni rahisi kwa asiyezoea baiskeli. Korongo lilichimbwa na maji ya ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo, lililotoboa upande huu likamwagika kusini. Kuta zake zimebanana, zimelainishwa, na mahali pengine maji ya moto hutiririka kutoka kwenye mwamba. Okota kwa macho, si kwa mkono, mawe meusi yanayong'aa mithili ya chupa iliyovunjika: ni kioo cha volkano, na maelfu ya miaka kabla ya chuma watu wa bonde hili walikigeuza visu na vichwa vya mishale, kikasafirishwa mbali kwa kubadilishana. Biashara ya Naivasha haikuanza na maua.

Sasa mvua. Korongo halijazwi na mvua inayonyesha juu yako tu. Linajazwa na mvua iliyonyesha milimani, mahali ambapo wewe huoni hata wingu. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 maji ya ghafla yaliwakuta watu humu, yakaua. Kwa hiyo, ukifika, mwulize askari wa hifadhi kama korongo limefunguliwa na hali ikoje juu. Usiingie bila mwongozaji wa hapa. Akikwambia leo hatushuki, msibishane, na usimtafute mwingine atakayekubali kwa bei ndogo. Akikwambia tupande sasa, panda kwanza, uliza baadaye. Mlipe vizuri. Wengi wa vijana hao wamezaliwa vijiji vya karibu na wanajua kila mahali pa kutokea. Chakula chako usikiache nje mahali pa mapumziko, kwani nyani wa hapo wamezoea kufungua mikoba.

Ukiendelea upande wa Olkaria yenyewe, utasikia mvuke kabla hujauona, na utanusa harufu ya yai bovu. Mabomba ya fedha yanakata kilima hadi kilima. Mahali pengine yamepindwa kwa pembe kubwa: chuma hurefuka kinapopata joto, na bila mikunjo hiyo bomba lingejivunja lenyewe. Mengine yameinuliwa ili twiga wapite. Historia ya mabomba haya nayo ilianza ukoloni ungalipo. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilianza kuchimba visima viwili vya majaribio hapa. Havikutoa mvuke wa kutosha, kazi ikaachwa. Ilirudiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kuzalisha umeme. Oktoba 2014 Kenya ilizindua Olkaria IV yenye megawati 140. Barabara inayopita mitamboni ina alama nyingi za tahadhari, zitii. Usiguse bomba, usikanyage ardhi inayofuka, usiruke uzio ili upate picha karibu na kisima.

Kabla ya uzinduzi wa 2014, vijiji vinne vya Wamaasai vilivyokuwa katika eneo hilo vilihamishiwa mahali papya panapoitwa RAPland. Walijengewa nyumba, shule na kanisa. Lakini wengi hawakuridhika na idadi ya waliotambuliwa, ubora wa ardhi, barabara, na umbali wa kutoka pale walipokuwa wakipata kipato cha utalii. Malalamiko yao yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambazo zilikuwa zimekopesha fedha za mradi, na upatanishi ukafanyika. Hapa sipendi kusema haraka kwamba 2014 ni 1904 iliyorudi. Mwaka 1904 hakukuwa na benki ya kulalamikiwa, wala umeme haukuwa wa wote. Lakini ukizungumza na mzee wa Olkaria atakuhesabia kuhama kwa babu yake na kuhama kwake mwenyewe katika sentensi moja, na ni haki yake kuhesabu hivyo. Taa unayoiwasha Nairobi imepita kwenye hesabu hiyo.

Ukitaka kuzungumza naye, salamu ni "Supa", na utajibiwa "Ipa". Usianze na kamera. Nunua shanga kwa akina mama bila kuvutana sana kwa bei, kaa kidogo, mwombe mwongozaji wako akutambulishe kwa mzee ikiwa mzee yupo na ana nafasi. Mwite mzee, usimwite rafiki. Maswali kuhusu mifugo huenda vizuri kuliko maswali kuhusu siasa, na siasa zitakuja zenyewe.

Baada ya hapo, nenda ukaoge. Bwawa la KenGen, kampuni ya umeme yenye mitambo hiyo, lililofunguliwa mwaka 2013, hutumia maji yanayotoka visimani pamoja na mvuke, yana rangi ya buluu ya maziwa, na baada ya kilomita zote hizo za baiskeli miguu itakushukuru. Vua vito vya fedha, maana madini yaliyomo huvifanya vyeusi. Mwenye shinikizo la damu au mjamzito aulize daktari kwanza. Kunywa maji mengi ukitoka. Panga uwe umerudi njia panda kabla ya jua kuzama: baiskeli hazina taa na nyati hawana haraka.

Ziwa

Lala kando ya ziwa, lakini uliza mambo mawili unapoweka nafasi: kama kuna uzio wa kuzuia viboko, na maji yamefika wapi mwaka huu. Tangu 2020 ziwa limepanda mara kwa mara, limemeza mashamba na mtaa wa Kihoto, na baadhi ya maeneo ya kupiga kambi ambayo bado yanaonekana kwenye picha za matangazo yako chini ya maji. Usiku usitembee ukingoni hata kama unaona nyasi tu. Kiboko hula usiku, na hapendi kukuta mtu kati yake na maji.

Asubuhi chukua mashua, uvae jaketi la kuelea hata kama nahodha hajavaa. Ziwani utaelewa kwa nini walowezi walipapenda hapa. Katika miaka ya 1930 hadi 1950 ndege za majini zilizotoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika zilitua juu ya maji haya, na abiria wakapumzika hotelini ukingoni kabla ya kusonga mbele. Upande wa kusini, katika ardhi ya Oserian, kuna jumba lililojengwa kwa mtindo wa Wamoor na kuitwa Djinn Palace. Huko ndiko alikoishi mlowezi Lord Erroll baada ya kumwoa aliyekuwa mke wa mjenzi wake. Erroll ndiye aliyepigwa risasi karibu na Karen Januari 1941. Mlowezi mwenzake, Sir Delves Broughton, alishtakiwa, akaachiliwa, na muuaji hajajulikana hadi leo. Jumba ni mali ya watu, kwa hiyo litazame ukiwa majini tu kama mashua yako inafika. Kwa maoni yangu vitabu na filamu vimewapa walowezi hao wachache nafasi kubwa mno. Walikunywa, walibadilishana wake, waliuana. Waliolima mashamba yao hawakuandikiwa filamu.

Elsamere ni tofauti, na inastahili saa mbili. Nyumba hii Joy na George Adamson waliinunua mwaka 1967, na sasa ni makumbusho. Wengi huja kwa ajili ya Elsa, simba wa kitabu cha Joy, na kwa chai ya alasiri bustanini chini ya mbega. Mimi nakuelekeza kwenye michoro. Joy alichora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao, wakati serikali ya kikoloni ilipotaka kumbukumbu ya mambo iliyoamini yanatoweka. Tazama nyuso. Wengine wanamtazama mchoraji moja kwa moja, bila kujilegeza.

Mjini Naivasha hutahitaji zaidi ya nusu siku. Usiku wa 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi hapa, wakachukua bunduki na risasi na kuwafungua wafungwa. Uvamizi huo uliwashtua Waingereza kuliko mengine mengi, kwa sababu ulipangwa vizuri na ulifanyika katikati ya mji wa masetla. Usitafute kituo ili ukipige picha. Kupiga picha kituo cha polisi au jela kutakuletea maswali marefu, na haitakusaidia kusema unaandika historia. Nenda stesheni ya reli badala yake, kisha kale samaki sokoni.

Njiani kwenda Nakuru

Kati ya Naivasha na Nakuru ni kama kilomita 70, na gari la abiria hukimaliza kipande hiki upesi mno. Ukiwa na gari lako simama mara mbili. Gilgil kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, yaliyotunzwa vizuri. Soma majina, utakuta Waafrika waliokufa katika vita ambavyo hawakuvianzisha. Mbele kidogo ni Kariandusi, ambako mwanaakiolojia Louis Leakey alichimbua shoka za mkono za mawe zilizotengenezwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mtunza makumbusho atakushusha hadi yalipolala mawe yenyewe, yaliyoachwa pale pale.

Chini upande wa kushoto ni Ziwa Elementaita, na ardhi inayolizunguka upande wa magharibi ni Soysambu, ya ukoo wa Delamere. Lord Delamere wa tatu alipewa mwaka 1903 ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99, akahamia huku baadaye, na alizikwa Soysambu mwaka 1931. Soysambu sasa ni hifadhi na unaweza kulipia kuingia. Elementaita, Nakuru na Bogoria ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Nakuru kwa miguu

Hapa ndipo unapopata mji wa kikoloni wa kutembea. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, mji ukatangazwa 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 ukawa jiji la nne la Kenya. Hauna ukuta kama San Juan, lakini ulikuwa na mipaka, na ukitembea kwa mpangilio ufaao bado utaihisi miguuni.

Anzia stesheni. Jengo la sasa ni la miaka ya 1950, lenye ukubwa wa kiburi kwa mji wa wakati ule: serikali ilikuwa vitani na Mau Mau na bado ikijenga kana kwamba itakaa karne nyingine. Kutoka hapo pandisha polepole kuelekea Milimani. Angalia viwanja vinavyopanuka, miti ya jakaranda, nyumba zilizorudi nyuma ya bustani. Huu ulikuwa mtaa wa Wazungu, juu, kwenye miguu ya Menengai, palipo na upepo safi. Geuka, shuka mjini: maduka ya Wahindi yenye baraza mbele, msikiti, hekalu la Masingasinga. Wengi wa waanzilishi wa biashara hizi walikuja kwa njia ya reli. Maduka hayo ndiyo yaliyomuuzia mlowezi jembe na mkulima sukari. Ukiona jengo lenye mwaka uliochongwa juu ya mlango, simama. Mwenye duka mara nyingi atafurahi kukueleza babu yake alifikaje.

Endelea kushuka upande wa mashariki hadi Bondeni, Kaloleni na Kivumbini, mitaa ya Waafrika. Nyumba ni ndogo, zimebanana, zilijengwa kwa hesabu ya mfanyakazi mmoja, mwanamume, asiye na familia, ambaye kipande chake, yaani kitambulisho cha kikoloni, kilimruhusu kuwa mjini mradi ana kazi. Lakini Bondeni ilizaa mji wake. Humo Waswahili, Wanubi, Wakikuyu, Waluo na Waluhya walikaa ukuta kwa ukuta, Kiswahili cha Nakuru kikapikwa humo, na timu za mpira pia. Nenda mchana, ukiwa na mwenyeji, acha kamera kubwa hotelini, na ule hapo: mahamri na chai ya maziwa asubuhi, pilau ukipata mchana. Kwangu Bondeni ni sehemu ya Nakuru inayostahili saa nyingi kuliko zote, na hakuna mwandalizi wa safari anayeiweka kwenye ratiba.

Rudi katikati upite ukumbi wa zamani wa mji. Tarehe 12 Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta alisimama hapa Nakuru mbele ya mamia ya walowezi waliokuwa na hofu, akawaomba wabaki walime, na kuwaambia pande zote zisameheane. Wengi walimpigia makofi. Walioishi Bondeni, na waliofukuzwa mashambani na kwenye misitu miaka ya Hali ya Hatari, hawakuwa ukumbini. Hotuba hiyo ndiyo iliyoamua sura ya Bonde la Ufa kuliko jengo lolote, na migogoro ya ardhi iliyoliumiza eneo hili baada ya hapo huwezi kuielewa bila kuijua.

Kama una alasiri, panda boda boda hadi Hyrax Hill, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Makumbusho yako katika nyumba ya shamba ya zamani. Mary Leakey alichimbua hapa kuanzia 1937, akafunua makaburi na makao ya wafugaji wa zamani. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Leta kete zako, mcheze.

Kasri, mwisho

Asubuhi ya siku ya tatu panda matatu ya Njoro, shukia Ngata, uchukue boda boda. Maurice Egerton, mlowezi wa ukoo wa kilodi, alianza kujenga kasri hili mwaka 1938, vita vikamchelewesha, likamalizika 1954. Lina vyumba 52. Husimuliwa kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya kwanza, kwamba mwanamke huyo alilikataa hata kasri, na kwamba tangu hapo bwana huyo hakutaka kumwona mwanamke kwenye ardhi yake. Mwongozaji atakusimulia kwa ladha, na ni hadithi tamu. Msikilize hadi mwisho, kisha uliza maswali yasiyo kwenye hadithi: mawe yalichongwa na akina nani, walilipwa nini, walilala wapi. Uliza kuhusu 1952 hadi 1954, kasri lilipokuwa likimalizwa huku vijana wa mashamba ya jirani wakipelekwa kizuizini. Uliza pia kuhusu shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939, kwanza kwa vijana wa Kizungu, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton na inafundisha watoto wa Kenya nzima. Egerton alikufa mwaka 1958, bila mke wala mtoto.

Panda hadi ghorofa ya juu kama imefunguliwa siku hiyo. Jumamosi na Jumapili kuna harusi nyingi bustanini, kwa hiyo chagua siku ya kazi ukitaka utulivu, au chagua Jumamosi ukitaka kuona ukumbi wa dansi wa lodi mpweke ukiwa umejaa akina shangazi wanaopiga vigelegele. Patana mapema na mwenye boda boda wa kukurudisha barabarani, umwambie akungoje. Magari ya Nakuru hupita Ngata mchana kutwa, na ya Nairobi huondoka Nakuru hadi jioni, ila Jumapili abiria hufurika; kata tiketi kabla ya saa nane.